Mtaala unaoanzia kwenye uji

Arua, Uganda

Mpenzi dada Zaituni,

Shikamoo kwa mama, na wewe salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia kuwa mwalimu mkuu amekupa chumba na watoto wanane wenye ulemavu. Umeniuliza uanze na vitabu gani. Kwa wiki mbili za kwanza viweke kabatini, uanze na siku ya mtoto: anakulaje, anakwendaje chooni, anamwelezaje mama yake kwamba ana kiu. Mtaala wa watoto hawa umo humo, na kusoma na kuhesabu kutaingia humohumo.

Wiki hizo angalia na kuandika tu. Kwa kila nyumba uliza swali hili: ni jambo gani ambalo mtoto akiliweza, mzigo wa mama au bibi utapungua? Kisha chagua malengo matatu kwa kila mtoto kwa muhula, yasizidi manne. Walimu huandika kumi na mawili kwa kuwa mahitaji ni mengi kweli, na ikifika wiki ya tatu hakuna anayeyakumbuka. Liandike lengo ili hata mwalimu mgeni aweze kulipima. “Atajifunza kula vizuri” halipimiki. “Atakunywa uji kwa kikombe cha mishikio miwili, akishikwa kiwiko tu, mara 4 kati ya 5” linapimika.

Sasa chukua karatasi kubwa ya manila uchore jedwali. Kushoto andika majina manane. Juu andika nyakati za siku: kufika, kunawa, uji, kazi za mezani, michezo, posho (ugali) na maharage, kurudi nyumbani. Kila lengo liingie katika nyakati mbili au zaidi, maana linalofanywa mara moja kwa siku husahaulika. Tazama saa ya uji peke yake. Mmoja anahesabu vikombe vinane na kuvipanga. Mwenye mtindio wa ubongo anajizoeza kuinua kichwa na kuketi wima. Asiyeongea anagusa kikombe kabla ya kumiminiwa. Mwenye usonji anangoja zamu, leo mpaka hesabu ya 5, wiki ijayo mpaka 10. Hapo pana hesabu, lugha, viungo na kuishi na wenzake, bila kengele ya kubadilisha kipindi. Haya yote huharibika msaidizi anapomimina vikombe vyote kwa haraka, kwa huruma tu. Mweleze mapema kwamba kungoja kule ndilo somo lenyewe.

Usimlishe mtoto yeyote akiwa ameegemea nyuma. Kichwa kikilala nyuma, njia ya hewa inabaki wazi na uji unaingia mapafuni. Ndiyo maana wengine wana kikohozi kisichokwisha. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjwe kwa nyuzi 90, nyayo zikanyage kitu, kidevu kiinamie mbele kidogo. Kiti unaweza kukitengeneza kwa maboksi na magazeti, ukigandisha tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga. Urefu wa kalio la kiti ni kutoka mgongo wa chini hadi nyuma ya goti, ukitoa vidole viwili. Kikizidi hapo, mtoto atateleza mbele na kulala. Acha kila tabaka likauke kabisa juani kabla ya kuongeza jingine. Wakati wa mvua usiharakishe, kiti kitaota ukungu kwa ndani na kulegea.

Kunawa mikono kugawe hatua nane, kuanzia kukanyaga kijiti cha kibuyu chirizi, lile dumu la maji linaloinamishwa kwa kamba na kijiti cha mguu, hadi kukausha. Fundisha kuanzia mwisho: mshike mkono katika hatua saba, ya nane aifanye mwenyewe. Akiiweza, mwachie ya saba na ya nane. Hivyo kila mara anamaliza kwa kufaulu. Ukianzia mwanzo, anachoka na kushikwa kabla hajaonja ushindi wowote.

Choo nacho kinataka daftari. Kwa siku kumi kagua kila nusu saa, uandike mkavu au mbichi. Utaona mpangilio, mpeleke dakika kumi kabla ya saa yake. Kama hata saa moja na nusu hakai mkavu, bado hajawa tayari, na kumkalisha huko kwa nguvu kutamfanya aogope choo. Weka mti wa kushikilia ukutani, kwa sababu wengi wanaogopa kuanguka.

Picha za ratiba zije baada ya vitu halisi: kwanza kikombe chenyewe, kisha picha yake, mwisho mchoro. Picha nne zinatosha kwa kuanzia, na kila moja iwe na neno moja la lugha ya nyumbani, iwe Kinubi au Kilugbara. Wakubwa wapeleke dukani wakanunue chumvi kwa shilingi halisi. Sarafu za karatasi hazimfundishi mtu chenji.

Kifafa kikimpata mtoto, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Kikipita dakika 5 mkimbizeni hospitali. Ukipata mwenye ugonjwa wa kutikisa kichwa, kama wale wa Kitgum na Pader kaskazini mwa Uganda, ujue chakula chenyewe au baridi huweza kuuamsha. Acha kumlisha mpaka kichwa kitulie.

Mkaguzi akiuliza mtaala wa taifa uko wapi, mwonyeshe mada za madarasa ya chini: nyumbani kwetu, shule yetu, mwili na afya. Jedwali lako linazigusa zote. Na akitokea wa kusema watoto hawa si wa shule ya kawaida, mkumbushe Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020.

Kila Ijumaa andika kwa kila lengo herufi moja: K ameshikwa mkono, I ameonyeshwa ishara, M ameambiwa kwa maneno, P amefanya peke yake. Herufi ikikaa palepale wiki tatu, hatua ni kubwa mno; ikate mara mbili.

Nitumie jedwali kabla shule haijafunguliwa, pamoja na vipimo vya yule mdogo asiyekaa: nyonga hadi goti, goti hadi kisigino, upana wa nyonga. Nitakuchorea kiti chake.

Dada yako,
Hawa