Baba, Athumani asiyauze yale mawe

Leeds, Uingereza

Baba, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mama na wote hapo nyumbani Lushoto. Mimi sijambo, kazi inaendelea, na baridi ndiyo kwanza imeanza kupungua.

Mlipopiga simu kuniambia mvua imechukua tena udongo wa shamba la bondeni, na kwamba Athumani anataka kuwauzia mawe wenye malori, nilisema nitaandika kwa sababu simu isingetosha. Nakuomba umzuie kwanza, mawe hayo tutayajengea ukuta wa kuuzuia udongo huo.

Tangu mwaka jana, siku nisizo kazini huwa naenda kwenye vilima vya Yorkshire Dales kujifunza kujenga ukuta wa mawe matupu, bila saruji, bila chokaa, bila hata udongo. Mafunzo yanafanyika shambani. Mkulima ana ukuta ulioanguka, mwalimu anakuja na wanafunzi, tunabomoa kilichobaki hadi kwenye msingi, tunatandaza mawe kwenye majani kwa kufuata ukubwa, kisha tunajenga upya. Kipo chama cha mafundi wa kazi hii tangu 1968, na kinatahini watu hadi ngazi ya fundi mkuu.

Wewe uliyeshika mwiko na timazi kabla sijazaliwa utauliza mawe hayo yanashikwa na nini. Yanashikwa na uzito wake na namna yanavyokaa. Ukuta mmoja ni kuta mbili zinazopanda pamoja huku zikiinamiana: chini upana ni kama sentimita 70, juu karibu nusu yake. Fremu za mbao zenye umbo hilo husimamishwa, kamba zikavutwa, na kozi, yaani safu za mawe, zikafuata kamba. Jiwe hulazwa urefu wake ukiingia ndani ya ukuta. Ukililaza kwa ubavu linapendeza kwa nje na linajaza nafasi haraka, lakini halina mkia wa kushikwa, na siku moja litatoka. Kila jiwe likalie mawili, na kiungo cha kozi ya juu kisiangukie juu ya kiungo cha chini.

Kazi yenyewe hasa iko katikati, pale ambapo hakuna atakayepaona. Nafasi kati ya pande mbili hujazwa vipande vidogo, kimoja kimoja, kwa mkono. Kijana mmoja alimwaga ndoo nzima kwa mkupuo. Mwalimu akamwambia avitoe vyote. Kisha mwalimu mwenyewe akapiga magoti, akachukua kipande kisichozidi kiganja, akakigeuza mara mbili, akakisukuma chini ya mkia wa jiwe la nje. Akaniambia nilitikise. Jiwe lililokuwa likicheza dakika moja kabla halikusogea tena.

Kwenye nusu ya kimo hulazwa mawe marefu yanayotokea pande zote mbili, kila baada ya kama mita moja, ili upande mmoja usiachane na mwingine. Juu kabisa husimamishwa mawe mazito ya kubana.

Nyingi ya kuta hizi zilijengwa karne ya 18 na ya 19, sheria za bunge zilipogawa maeneo ya malisho ya kijiji yakawa mali ya watu binafsi. Wanyonge wengi walipoteza pa kulishia mifugo yao. Nazipenda kuta hizi, lakini hilo linaniuma kila ninapozitazama.

Wala usidhani ni ujuzi wa Wazungu peke yao. Engaruka, kule Monduli, wazee waliyashikilia mashamba yao kwa kuta za mawe matupu karne nyingi zilizopita. Na kwa jirani zetu Kenya, kuta za Thimlich Ohinga huko Migori bado zimesimama bila saruji. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia.

Sasa shamba letu. Ukuta wa kuzuia udongo una uso mmoja tu, unaegemea mlima, na nyuma yake unajazwa mawe madogo. Maji yanapita katikati ya mawe na kuuacha udongo. Ukuta wa saruji usio na matundu huyakusanya maji nyuma yake mpaka yanausukuma. Ule uliopinduka barabarani masika yale uliuona mwenyewe.

Athumani achimbe msingi mpaka ardhi ngumu. Mawe makubwa kuliko yote ayasogeze karibu na mtaro, yale marefu ayaweke peke yake, na vipande vidogo asitupe hata kimoja, maana tutavihitaji kuliko anavyodhani. Inshallah Desemba nitakuwa nyumbani. Tafadhali tafuteni mtaimbo mzuri na nyundo nzito. Kamba nitakuja nazo.

Msalimie mama na majirani wote.

Mwanao,
Zuhura