Vibarua wa ujenzi wapumzishwe jua la mchana

Mhariri,

Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam huwa haikaliki. Nyuzi 32 au 33 si nyingi kwa kuzisikia, ila huku pwani hewa imejaa unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Ndiyo maana hata kivulini watu wanahema.

Wanaoumia zaidi ni vibarua wa ujenzi. Pita Kariakoo saa saba mchana uangalie ghorofa zinazopanda: kijana ana ndoo ya zege begani, shati limemganda mgongoni, na maji aliyokuja nayo kwenye chupa asubuhi yameshakuwa ya moto. Hata hayo kajinunulia mwenyewe. Akianza kuumwa kichwa na kuona kizunguzungu, wenzake humwambia ni njaa. Hizo ni dalili za mwili kuzidiwa na joto, na zikipuuzwa mtu huzimia, hata kufa.

Oman, ambako tuna ndugu wengi, sheria inazuia kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, Juni hadi Agosti. Sisi tunashindwa nini? Kazi ianze saa 12 asubuhi, isimame saa 6 mchana, iendelee saa 9. Na mkandarasi atoe maji ya kunywa na turubai la kivuli kwa gharama yake, bila kumkata kibarua ujira wa siku.

Mkazi wa Ilala,
Dar es Salaam