Kikomo cha kemikali kazini kichapishwe pamoja na hesabu yake

Mhariri,

Vikomo vya kemikali hewani mahali pa kazi hutajwa kana kwamba chini ya namba fulani ni salama na juu yake ni sumu. Ukweli ni kwamba namba hiyo mara nyingi hutokana na jaribio moja au mawili, kisha ikagawanywa kwa vigawanyo vya tahadhari ambavyo mfanyakazi haonyeshwi. Tunaomba mamlaka zinazoweka vikomo zichapishe hesabu nzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Panya wanavutishwa kemikali miligramu 100 kwa mita ya ujazo, saa 6 kwa siku, kwa muda wa siku 90, na hawaonyeshi madhara. Mfanyakazi hukaa kazini saa 8, basi 100 inashuka hadi 75. Akifanya kazi nyepesi huvuta mita za ujazo 10 za hewa kwa zamu, ilhali aliyetulia huvuta 6.7; basi 75 mara 6.7 gawanya kwa 10, tunabaki na 50 hivi. Sasa gawanya kwa 2.5, maana huenda binadamu akadhurika upesi kuliko panya. Kwa 5, maana wafanyakazi hawalingani miili. Na kwa 2, maana siku 90 si maisha ya kazi. Vigawanyo hivyo vikizidishwa pamoja, umegawanya kwa 25, na kikomo ni miligramu 2. Kama hata dozi ndogo kuliko zote ilileta madhara, gawanya tena kwa 3 au zaidi: inabaki 0.7 hivi.

Vigawanyo hivyo vimo katika mwongozo wa Shirika la Kemikali la Ulaya. Anayetumia 10 badala ya 5 atapata nusu ya kikomo, naye hajakosea hesabu. Ameamua tu tofauti. Uamuzi huo ndio unaofichwa.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye hayo maneno "hawaonyeshi madhara". Kundi likiwa na panya 10, na dozi kweli humdhuru mmoja kati ya kila 10, bado kuna uwezekano wa asilimia 35 kwamba wote watatoka wazima. Kwa njia hiyo utafiti hafifu huzawadiwa kikomo cha juu. Dawa yake inajulikana: chora mkunjo wa dozi na madhara, tafuta dozi inayoongeza madhara kwa kiasi kilichopangwa, tuseme asilimia 10, kisha uanzie kwenye mpaka wa chini wa makadirio. Hapo panya wachache hushusha kikomo badala ya kukipandisha, kwa kuwa shaka kubwa huteremsha mpaka huo.

Wenye viwanda husema kurundika vigawanyo ni kuogopa kupita kiasi. Wana hoja kidogo. Shirika la Mazingira la Marekani lenyewe linashauri vigawanyo vyote vikizidishwa pamoja visizidi 3,000. Lakini vigawanyo vikifika huko, maana yake ni kwamba data hazitoshi, na kukosa data si ushahidi wa usalama. Kloridi ya vinili, kemikali ya kutengenezea plastiki ya PVC, iliruhusiwa Marekani hadi sehemu 500 kwa milioni. Baada ya wafanyakazi kufa kwa saratani adimu ya ini, kikomo kikashushwa hadi 1. Kwa benzini, kemikali iliyomo pia katika petroli, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifuta mwaka 1980 kikomo cha sehemu 1 kwa milioni kwa kuwa hatari kubwa haikuwa imethibitishwa, ingawa ilisema uhakika kamili wa kisayansi hauhitajiki. Kikomo hichohicho kilirudi mwaka 1987.

Zamu za saa 12 nazo husahaulika. Kwa kanuni ya watafiti Brief na Scala, kikomo cha saa 8 hukatwa nusu, kwa sababu muda wa kuvuta umeongezeka na muda wa mwili kujisafisha umepungua.

Na mkaguzi asiridhike na sampuli moja iliyo chini kidogo ya kikomo, kwani hewa ya kazini hubadilika sana siku kwa siku. EN 689, kanuni sanifu ya Ulaya ya kupima hewa ya kazini, hukubali sampuli 3 pale tu ambapo zote ziko chini ya moja ya kumi ya kikomo. Zisipofika hapo, ongeza sampuli.

Wataalamu wa afya na usalama kazini