Safari ya gofu: twende Zanzibar Julai

Ndugu wanagofu, salaam.

Napendekeza Zanzibar, pale hoteli ya Sea Cliff. Uwanja una mashimo 9, tutauzunguka mara mbili kupata 18. Leisure Lodge ya Diani, Kenya, ina 18 kamili, lakini kutokea Dodoma ni mbali mno, tuiweke mwakani.

Julai masika yamekwisha na joto limepungua, ila kusi huvuma kweli ufukweni. Sisi tumezoea upepo wa bara, ule wa pwani una unyevu na mpira hauendi unakodhani. Naomba sana tuanze kuzoea mapigo ya chini, yale yasiyorusha mpira juu sana.

Tutapanda treni ya SGR hadi Dar, kisha boti. Familia zinakaribishwa. Anayekwenda aandike jina hapa kabla ya Ijumaa, tukate tiketi pamoja.