Asante, mama wa benchi la abstrakti

Shukrani hizi ni za mama mmoja tuliyeketi naye kwenye benchi la kituo cha polisi hapa Kisumu, wote tukisubiri abstrakti, ile hati ya polisi ya kuonyesha tukio limeripotiwa. Jina lake sikulipata. Gari langu liligongwa nyuma karibu na Kondele: bampa na taa moja, basi. Lakini kampuni ya bima ilidai mimi ndiye niliyerudi nyuma nikamgonga mwenzangu. Tena walisema kwa simu tu.

Mama, ulinisikiliza hadi mwisho, kisha ukanieleza jambo ambalo wakala wangu hajawahi kulitaja: wakikataa madai, wadai sababu kwa maandishi. Wakizungusha, peleka malalamiko IRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti kampuni za bima. Ukachukua simu yangu, ukazikuza picha, ukanionyesha alama za breki za yule mwenzangu zikija moja kwa moja hadi kwenye bampa yangu. Nani sasa alikuwa akirudi nyuma? Ukanionya pia gari lisiguswe na fundi kabla mkadiriaji wa hasara wa kampuni ya bima hajaliona, na hapo uliniokoa kweli, maana shemeji alikuwa ameshapatana bei na fundi wa jua kali.

Barua niliyodai haikuja. Alikuja mkadiriaji mwingine. Wamelipa, wakikata ile sehemu ya gharama anayobeba mwenye gari mwenyewe, ambayo bado naiona kubwa mno.

Erokamano ahinya, mama. Natumaini ile kesi yako ya pikipiki nayo imesonga.