Kwa mdogo wangu uliyeko Sóller

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. "Dada, umeuza shamba la machungwa la mama." Naandika kwa sababu kwenye simu ukianza kulia mimi hunyamaza.

Kwanza nisalimie wifi na baba mkwe wako. Siku kumi mlizonikaribisha huko Sóller, kisiwani Mallorca, Uhispania, sijazisahau. Yule mzee alinishika mkono kunipandisha ngazi za mawe za korongo la Biniaraix, utadhani mimi ndiye mkubwa wake. Nikamuuliza "Bini" ni nini, akasema ni neno la Waarabu waliotawala kisiwa hadi mwaka 1229: wana wa fulani. Ndiyo Bani yetu ya Bani Israil, tuliyoisoma chuoni kwa maalim. Mtu wa Bonde, kwetu Muheza, umekwenda kupata bonde jingine, nikawaza, na moyo ulifurahi.

Akanionyesha kuta. Jiwe juu ya jiwe, hakuna saruji hata kijiko, nyuma yake kokoto za kupitisha maji, kisha udongo na mizeituni. UNESCO waliiingiza milima ile ya Tramuntana kwenye urithi wa dunia mwaka 2011, na ufundi wenyewe wa mawe makavu mwaka 2018. Mzee alilolisisitiza ni moja: ukuta ukibomoka, ukaachwa, mvua inaondoka na udongo waliouhifadhi babu zao. Siku ile nilielewa kwa nini hubanduki hapo. Nilielewa, lakini sikusamehe.

Maana siku niliyokupigia kukuambia mama ametutoka, nilisikia nyundo. Ulisema "Inna lillahi," kisha ikagonga tena. Ko. Ko. Ko. Hukuiweka chini. Maziko yetu hayasubiri ndege, kwa hilo sikulaumu. Lakini hata arobaini hukuja, eti ukuta umeanguka na zeituni zinavunwa. Halafu nimekaa kwako usiku, mzee anatuhadithia chura mdogo wa makorongoni, ferreret, aliyejulikana kwa mifupa ya kale tu mpaka alipoonekana hai karibu na mwaka 1980. Jina lake mhunzi mdogo, kwa kuwa analia kama nyundo juu ya fuawe. Dume ndiye hubeba mayai, kayazungusha miguuni mpaka wakati wa kuanguliwa. Mlikuwa mnafurahi wote. Nikatoka nje kwenye baridi. Ukaniuliza nina nini, nikasema nimeshiba.

Sasa unaniuliza shamba. Ulikuwepo dalali anapokuja Muheza kutaja bei, machungwa yangali mtini? Nani alimwogesha mama miezi minane? Ulituma pesa, sikatai. Pesa haishiki ndoo. Na hao watu wako wa Sóller, si mzee mwenyewe alisema ugonjwa ulipoua michungwa yao miaka ya 1860 wengi walihamia Ufaransa kuuza matunda? Waliorudi na fedha wakajenga yale majumba uliyonitembeza ukijisifia. Mbona hao huwaiti wauza urithi?

Nikushauri kitu. Mzee angali na nguvu, mfuate kila asubuhi, jifunze mpaka jiwe la mwisho la juu. Mimi nilidhani mama yupo tu. Sikuwahi kumkalia nione anavyobebesha miche, kisu anakilaza vipi, kamba anaifunga wapi. Alipolala kitandani michungwa ikaanza kukauka mmoja mmoja na mimi naitazama. Ndivyo lilivyonishinda. Sikuuza kwa tamaa, na wewe unajua mimi si mtu wa tamaa.

Ila hukunipa nafasi nikuambie: mchungwa wa kisimani haumo kwenye mauzo. Nimeubakiza na hatua ishirini kuuzunguka, mnunuzi ametia sahihi. Mwaka huu umezaa, ngozi bado kijani kama kawaida ya kwetu, ndani tamu. Upande wa chini mvua za masika zimekula udongo, mizizi miwili iko nje.

Njoo na nyundo yako.

Dada yako