Salamu za Shukrani kwa Wote Waliotupatia Siku Zao Wakati wa Matibabu ya Mama

Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa Mama, wakazi wa Mtanda katika Manispaa ya Lindi, tunawasalimu ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote mliokuwa nasi tangu Februari mwaka huu, Mama alipoambiwa kuwa ana saratani ya titi. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu amemaliza dozi zote nane za dawa za dripu, na madaktari wamempangia upasuaji katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi huu wa Oktoba 2024. Kabla hajasafiri ametutaka tuwashukuru hadharani, na ametaka ugonjwa wake utajwe kwa jina, kwa kuwa anaamini kuuficha ndiko kulikomchelewesha.

Uvimbe aliugundua mwenyewe akiwa anaoga, mwishoni mwa mavuno ya korosho ya mwaka jana. Haukuwa na maumivu, na kwa sababu haukumuuma aliona si jambo la kumsumbulia mtu. Tena aliona haya kuuonyesha, hata kwetu sisi mabinti zake. Aliyemtoa katika ukimya huo ni wifi yake, shangazi yetu, ambaye alimwona akijishika kwapa kila anapotua ndoo ya maji, akamuuliza, na hakuridhika na jibu la kwanza wala la pili. Kesho yake asubuhi alimshika mkono hadi Hospitali ya Sokoine, na kutoka huko mambo ya kukatwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kwa ajili ya kipimo, kusubiri majibu na kupewa rufaa ya Dar es Salaam yakafuatana. Shangazi, sisi tulikuwa tunakula naye sahani moja na hatukuona kitu. Shukrani ya kwanza ni yako.

Dozi zilitolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, moja kila baada ya siku 21. Ambaye hajauguza mgonjwa wa aina hii anaweza kudhani ni safari ya kwenda leo na kurudi kesho, lakini sivyo. Kabla ya kila dozi damu hupimwa, na chembe nyeupe zikiwa zimeshuka kupita kiasi mgonjwa huambiwa asubiri mpaka zipande, kwa hiyo safari tuliyoipangia siku tatu iliweza kufika siku kumi. Mara mbili ilikuwa hivyo. Siku zote hizo Mama hakulala nyumba ya wageni hata usiku mmoja, kwa sababu mama mmoja mzaliwa wa Kilwa Kivinje, aliyepata kuwa jirani yetu hapa Mtanda na sasa anaishi Mbagala, alimhamishia mwanawe sebuleni ili Mama apate chumba chenye dirisha.

Kuhusu mama huyu tunaomba mturuhusu tuseme kwa urefu. Alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri ili wawahi daladala kabla hazijajaa, akakaa naye kwenye foleni mpaka mchana, na jioni akarudi kupika. Alimpikia chakula cha moto kila mlo, hakumpa kiporo, alimchemshia maji ya kunywa, na wageni wenye mafua aliwazuia mlangoni kwa upole, maana dawa zile hushusha kinga ya mwili. Usiku wa dozi ya kwanza Mama alipotoka chooni akitetemeka, akasema mkojo wake ni mwekundu, sisi tulianza kutafuta gari tukidhani ni damu. Ni yeye aliyetutuliza. Alikuwa amemsikiliza muuguzi vizuri kuliko sisi, akatukumbusha kuwa ile ni rangi ya dawa yenyewe na itakwisha baada ya siku moja au mbili, na kweli ilikwisha. Nywele zilipoanza kudondoka kwa mafungu juu ya mto, alimnyoa kwa mkono wake, akamfunga mtandio, kisha akafunga na wa kwake vilevile, wakatoka pamoja kwenda dukani. Mama hajaacha kulisimulia hilo mpaka leo.

Wauguzi waliomhudumia nao tunawashukuru kwa dhati, hasa waliokuwa wakimtafutia mshipa pole pole mishipa yake ilipokuwa imechoka na kujificha. Baada ya dripu Mama alizoea kuomba akae kidogo mahali anapoiona bahari. Alisema ni bahari ile ile inayoingia Lindi, na akishaitazama anapata nguvu za kupanda daladala.

Mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya na mvua zilizoambatana nacho zilipokata barabara ya kwenda Dar es Salaam huko Kilwa, Mama alikuwa nyumbani na dozi ya tatu ilikuwa imekaribia. Tulijadiliana usiku kucha iwapo tumpitishe Masasi, Tunduru na Songea, tukaona kuwa safari ndefu kiasi hicho ingemmaliza kuliko kuchelewa. Daktari alitusikiliza kwenye simu na kutupangia siku nyingine. Katika siku hizo dereva mmoja wa basi, ambaye hatuna undugu naye wala hatujawahi kumfanyia lolote, alikuwa akitupigia kila jioni kutueleza hali ya njia ilivyo, na magari yaliporuhusiwa kupita alimwekea Mama kiti cha mbele na kusimamisha gari kila alipoomba, kwa kilomita zote zipatazo 450. Kaka, tunakuombea salama barabarani.

Huku nyuma kulikuwa na shamba. Mikorosho ya Mama iko ng'ambo ya ghuba, Kitunda, na mikorosho haimsubiri mgonjwa: isipopuliziwa salfa kwa wakati wake, ugonjwa wa ubwiri unga huyakausha maua na mwaka unakuwa umepotea. Vijana wa mtaa wetu walipanga zamu bila kuitwa kikao, wakawa wanavuka na kivuko kwenda kupalilia, kupulizia, na sasa kuokota. Magunia ya kwanza yameshafika ghala la chama cha msingi, na risiti waliileta wenyewe wakaiweka mkononi mwa Mama. Alipoisoma alinyamaza muda mrefu, kisha akatuambia tuwapikie wali.

Michango ya fedha yote iliandikwa na mjomba katika daftari moja, kuanzia ile ya kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kilichofungua mfuko wake wa jamii kwa ajili yetu, hadi shilingi 500 za mtoto wa madrasa aliyezileta zimekunjwa ndani ya karatasi. Fedha hizo zilikwenda kwenye nauli, vipimo, baadhi ya dawa na chakula. Daftari lipo nyumbani, na kila aliyechanga ana haki ya kulifungua. Wapo ambao hawakuwa na fedha wakaleta kilichokuwapo: mizizi ya ming'oko, maziwa, ulezi wa uji, na yule mama wa soko la samaki ambaye kwa miezi sita hakukubali kupokea malipo ya samaki wa Mama. Masheikh waliotusomea dua, na majirani zetu Wakristo waliomwombea katika jumuiya zao, Mama anawajua mmoja mmoja.

Tunaomba radhi kwa mliofika mkaambiwa Mama amelala. Mara nyingine alikuwa macho, ila vidonda vya mdomo vilimfanya ashindwe kuzungumza, na hakupenda aonekane hivyo. Walitushauri wengine tuachane na hospitali tujaribu mitishamba peke yake. Tunajua walisema kwa mapenzi, lakini tuliuona ule uvimbe ukipungua dozi hadi dozi, na hatukuwa na sababu ya kugeuka njiani.

Sasa iko kazi iliyobaki. Titi litaondolewa lote pamoja na tezi za kwapani, na wiki hizi za kusubiri ni za kuipa damu nafasi ya kupanda baada ya dozi ya mwisho. Kidonda kikipona atarudi Ocean Road kwa ajili ya mionzi. Tunawaomba ndugu mlioko Dar es Salaam, wenye afya njema, umri kuanzia miaka 18 na uzito kuanzia kilo 50, mjitokeze kuchangia damu Muhimbili kabla ya siku ya upasuaji. Kaka yetu mkubwa atawapokea na kuwaelekeza. Aliyeko Lindi anaweza kuchangia Sokoine, na damu hiyo itamfaa mgonjwa mwingine ambaye naye ana watoto wanaosubiri nje ya wodi. Baada ya upasuaji tunaomba wodini waingie wawili tu kwa siku, kwa mpangilio wa dada yetu wa pili.

Mama atakuwa nyumbani Mtanda Ijumaa hii baada ya swala ya alasiri, na safari ni Jumapili alfajiri. Karibuni mumuage. Ameomba wenye mafua wamsalimie kwa simu, na shangazi aje mapema kuliko wote, kwa kuwa hataki mtu mwingine amfungie begi.